Uongo wa nahodha Sisko: watazamaji wanabishania nini hasa?

Ukitaka kuiona barza ya Mjini Unguja ikigawika pande mbili bila ya kutajwa chama wala mgombea, wawekee watu sehemu ya 19 ya msimu wa sita wa tamthilia ya Kimarekani Star Trek: Deep Space Nine, kisha waulize kama nahodha Sisko alifanya sawa kusema uongo. Watu waliokunywa kahawa pamoja tangu ujana hugundua hapo kuwa hawakuwahi kujuana.

Sehemu yenyewe inaitwa In the Pale Moonlight na ilirushwa kwanza Marekani Aprili 1998. Wapenzi wa tamthilia hiyo huiweka mara kwa mara miongoni mwa sehemu bora kabisa, na hilo halina mzozo mkubwa. Mzozo uko kwenye sababu. Mmoja anaipenda kwa kuwa ameona shujaa aliyebeba mzigo ambao wengine waliukimbia. Mwengine anaipenda kwa kuwa ameona mtu mwema akiteremka ngazi hatua kwa hatua mpaka chini. Wote wawili wanaisifu, na hawakuona kitu kimoja. Hii ndiyo inayofanya ubishi wake usifike popote: swali "Sisko alikosea?" limebeba ndani yake maswali kadhaa, kila mtu anajibu lake, na anadhani mwenziwe anajibu hilohilo.

Kwa asiyekijua kisa, tuanze huko.

Deep Space Nine ilianza Januari 1993 ikamalizika Juni 1999, misimu saba. Tamthilia za Star Trek zilizoitangulia zilikuwa za chombo cha safari: kinafika kwenye sayari, kinatatua tatizo, kinaondoka. Hii ni ya kituo cha angani kilichokaa mahali pamoja, jirani na sayari ya Bajor, kwenye mdomo wa njia ya mkato inayotokea upande wa pili wa galaksi. Kwa ufupi ni bandari. Meli huja zikaenda zake, lakini mwenye bandari huamka kesho na walewale aliowadhulumu jana.

Kufikia msimu wa sita, Shirikisho, yaani binadamu na washirika wao, limo vitani na dola iitwayo Dominion, na linaelekea kushindwa. Wakardasia wameungana na adui. Waromulani, ambao wana jeshi kubwa na hawampendi mtu, wamekaa pembeni. Wana mkataba na Dominion wa kutoshambuliana, na manowari za Dominion hukatiza katika mipaka yao kwenda kuwapiga wengine. Mkuu wa kituo, Benjamin Sisko, aliyeigizwa na Avery Brooks, hubandika orodha ya waliokufa na waliopotea kila Ijumaa. (Ijumaa kwa bahati tu. Waandishi wa California hawakuwa wakitufikiria sisi.) Watu hujazana kutafuta majina ya jamaa zao. Siku moja, mbele ya orodha hiyo, Sisko anaamua kwamba Waromulani lazima waingie vitani upande wake.

Hakuanza na uongo. Alimwendea Garak, Mkardasia mshona nguo pale kituoni ambaye zamani alikuwa jasusi, amtafutie ushahidi wa kweli kwamba Dominion inapanga kuwageuka Waromulani. Watu wa Garak waliokubali kusaidia wakauliwa wote. Hapo Garak akatoa shauri: ushahidi usipopatikana, utengenezwe. Sisko akakubali, na wakubwa zake makao makuu wakaridhia. Jambo hili la kuridhia kwa wakubwa watazamaji wengi hulisahau, kwa sababu linaharibu ile picha ya mtu mmoja aliyepotoka peke yake.

Akatolewa gerezani mghushi aitwaye Tolar, aliyekwishahukumiwa kifo. Tolar akalewa, akamchoma kisu Quark, mwenye baa, na Sisko akamhonga Quark asifungue kesi. Ili kughushi kulihitajika kifaa halisi cha Kikardasia cha kuhifadhia rekodi, na muuzaji wake alitaka kemikali ya hatari ambayo daktari wa kituo alikataa kuitoa mpaka apewe amri kwa maandishi. Sisko akaandika. (Daktari huyo, kwa wanaopenda kujua nasaba za watu, ameigizwa na Alexander Siddig, mzaliwa wa Sudan; Sadiq al-Mahdi, aliyekuwa waziri mkuu wa nchi hiyo, alikuwa ami yake.) Kisha akaalikwa kwa siri Seneta Vreenak wa Waromulani, mmoja wa walioupigania ule mkataba, akaoneshwa rekodi ya kubuni: viongozi wa adui wakipanga kuivamia nchi yake. Akaikagua, akarudi, akasema ni ya uongo. Akapanda chombo chake kwenda kuwaambia wenzake.

Hakufika. Chombo kiliripuka njiani, na aliyetega bomu ni Garak. Tolar naye akaondolewa. Waromulani, wakiamini kuwa Dominion ndiyo iliyomuua seneta wao, wakatangaza vita.

Sasa tuufungue ubishi.

Swali la kwanza ni la kitendo chenyewe: je, inafaa kusema uongo na kuua ili kuokoa wengi? Kwetu swali hili halianzii kwa wanafalsafa wa Ulaya. Mtu wa kwanza kumtetea Sisko barzani huja na hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba vita ni hila. Wa pili hutia kanuni ya mafakihi kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Kahawa haijapoa, nahodha ameshaachiwa huru.

Tatizo ni kwamba kanuni hizo zina sehemu ya pili, na wanaozitaja kwa haraka huishia sehemu ya kwanza. Hila ya vita ni kwa yule unayepigana naye. Waromulani hawakuwa wakipigana na Sisko. Walikuwa na ahadi na mtu mwengine. Watetezi hujibu, na jibu lao lina uzito, kwamba asiyepigana lakini akawapisha wapiganaji katika ardhi yake amekwishachagua upande. Hilo nalikubali kwa kiasi. Linaweza kuhalalisha kuwatangazia Waromulani uadui, kuwawekea vikwazo, hata kuwazuia njia kwa nguvu. Silioni linavyofika kwenye kumwalika mtu kwako kwa siri, ukamkirimu, kisha akafa akirudi kwao. Mjumbe hauawi. Waswahili walilisema, na liko pia katika Sunan za Abu Daud, pale Mtume (SAW) alipowaambia wajumbe wa Musaylima, mtu aliyedai utume kwa uongo, kwamba lau si kuwa wajumbe hawauawi angeliwapiga shingo zao. Hao walikuwa wajumbe wa adui wa waziwazi, wakasalimika. Vreenak hakuwa hata adui.

Na dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Mafakihi waliifungua mpaka kwenye nyama ya mfu na kwenye neno la ukafiri linalotamkwa na mtu aliyewekewa upanga. Walipofika kwenye damu ya asiye na hatia waliufunga mlango: hata anayetishiwa kuuawa hana ruhusa ya kumuua mwengine ili yeye apone.

"Lakini Sisko hakuua," huja jibu, na hapa ndipo ninapoona ubishi unaanza kuwa mtamu. Ni kweli, hakuamuru bomu wala hakujua. Alipopata habari alikwenda dukani kwa Garak akamtwanga ngumi. Garak, akiwa na mdomo unaotoka damu, alimjibu kwamba ndiyo sababu alimwendea yeye, kwa kuwa alijua yapo ambayo nahodha mwenyewe hawezi kuyafanya. Nimesikia watu wakiichukulia hoja hiyo kuwa ni ujanja wa muuaji anayetafuta mshirika wa dhambi. Mimi naiona ni kweli tupu. Ukimtuma mtu ambaye kazi yake maisha yote ilikuwa kuua, ukamwachia mambo yake bila ya kuuliza, huna haki ya kushtuka. Na hata tukimsamehe kwa kutojua, baada ya kujua alinyamaza, akala matunda ya alichokijua.

Linalonisikitisha katika mijadala mingi ni kwamba watu hurukia bomu. Bomu ni la mwisho. Kabla yake kuna hongo ya Quark, ambayo Quark aliipokea kwa furaha kwa sababu imethibitisha imani yake kwamba kila mtu ana bei. Kuna mfungwa aliyetolewa. Kuna amri ya kemikali, ambayo daktari aliipinga na hakuna mtazamaji anayekumbuka kuuliza ilikwenda kufanya nini huko ilikokwenda. Kila hatua, ukiitazama peke yake, ina udhuru. Mtu aliyefika kwenye hatua ya tano hajioni kuwa anafanya jambo jipya. Anaona anamalizia lililoanza. Waandishi walitumia muda mwingi kwenye hatua hizi kuliko kwenye mripuko, ambao hata hatuoneshwi. Ukibishana juu ya mripuko tu umebishana juu ya hadithi fupi zaidi.

Swali la pili ni la hesabu. Garak anampa Sisko mizani: roho ya seneta mmoja, ya mhalifu mmoja, na heshima ya nafsi ya afisa mmoja, na kwa malipo hayo sehemu nzima ya galaksi huenda imeokoka. Anaiita bei rahisi. Wengi wanaomtetea nahodha wanaichukua hesabu hiyo kama ilivyo, utadhani imekaguliwa. Lakini aliyeipiga ni mwenye mali. Hakuna humo Waromulani watakaokufa katika vita walivyoingizwa kwa udanganyifu, na hao si mmoja wala wawili. Anayetaka kumtetea Sisko kwa hesabu ana njia bora, aliyoitumia Sisko mwenyewe mbele ya Vreenak: Dominion ikimaliza na sisi itawageukia nyinyi, na mtakuwa peke yenu. Kama hiyo ni kweli, Waromulani wangekufa hata hivyo. Hoja ina nguvu. Ila tazama kilichotokea: aliisema hoja ya kweli, haikutosha, akaongeza ya uongo juu yake.

La tatu watu hulichanganya na la kwanza kila mara. Je, tamthilia yenyewe inamuunga mkono Sisko? Hili si swali la maadili, ni la kusoma. Na la kusoma hapa ni namna kisa kilivyosimuliwa. Karibu kila tunachokiona kinatoka mdomoni mwa Sisko, amekaa chumbani kwake peke yake, akirekodi kumbukumbu zake binafsi huku akitukabili machoni. Kadiri kisa kinavyoendelea anavua vazi lake la kazi kidogo kidogo, na mwisho ana glasi mkononi. Anaungama orodha yote: nilidanganya, nilihonga, niliwaficha wengine makosa yao, ni mshirika wa mauaji. Kisha anasema kwamba kama angerudishwa nyuma angefanya tena, na kwamba anaweza kuishi nalo. Analirudia hilo la kuishi nalo. Mwisho anaiamuru kompyuta ifute rekodi yote.

Kundi moja la watazamaji husikia kauli ya mtu aliyekata shauri. Jengine husikia mtu anayejibembeleza. Avery Brooks, ambaye uigizaji wake katika misimu mingine huwa mkubwa mpaka ukawachosha baadhi ya watu, hapa ameuzuia, na uso wake unakubali tafsiri zote mbili. Nikilazimishwa, nitasema aliyetulia hana haja ya kujisemea mara mbili, wala hana haja ya kufuta. Hata hivyo wanaoona tamthilia inamhurumia wana hoja moja ambayo upande wangu huikwepa: mpango ulifaulu. Waandishi wangeweza kuuacha ufichuke. Wakachagua ushindi. Ukimpa mtu ushindi unakuwa umemsaidia kesi, hata ukimwekea glasi mkononi na macho mekundu.

Lile swali kama hii ni Star Trek kweli nitalipita upesi, kwa sababu linawahusu zaidi mashabiki wa zamani. Gene Roddenberry, aliyeianzisha mwaka 1966, alitaka kuonesha binadamu waliokwishaushinda uchoyo na fitina. Alifariki Oktoba 1991, kabla ya Deep Space Nine kuanza. Waliokulia kwenye ndoto yake waliiona sehemu hii kama usaliti. Wengine waliona ni mara ya kwanza ndoto hiyo kuwekewa bei. Mtazamaji wa hapa, aliyezoea tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, ambamo mtu akilishwa sumu jikoni mwa jumba la kifalme watu hawanyanyui hata kichwa, hashtuki kwa njama. Kinachomshangaza ni kumwona mwenye njama akiona haya. Ndiyo maana barzani kwetu mara nyingi huulizwa swali ambalo sikulitarajia: kwani huyu analia nini?

Mwaka wa kutazama nao una nguvu zake. Aliyeiona mwaka 1998 alikuwa na Vietnam nyuma yake na, akiwa msomaji, tukio la Ghuba ya Tonkin la Agosti 1964, pale serikali ya Marekani ilipopata ruhusa ya bunge ya kupigana kwa kutaja mashambulizi mawili, la pili likaja kujulikana kuwa halikutokea. Aliyeiona baada ya 2003 anamkumbuka Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, mbele ya Baraza la Usalama, Februari mwaka huo, akionesha ushahidi wa silaha za Iraq ambazo hazikupatikana. Sehemu ni ileile, hakuna neno lililobadilishwa. Lakini mtazamaji wa kwanza aliwaza juu ya nafsi ya Sisko, na wa pili anawaza juu ya nchi iliyoingizwa vitani kwa karatasi ya kughushi. Vijana wa leo, nionavyo, wako zaidi na Vreenak kuliko wazee wao.

Na hapo pana jambo ambalo Unguja tuna haki ya kulisema kuliko wengi: kwa nini uongo ule uliaminiwa? Rekodi haikubadilika baada ya bomu. Ilikuwa mbovu Vreenak alipoikagua, na ikabaki mbovu. Garak alilijua hilo na hesabu yake ilikuwa nyengine. Rekodi iliyookotwa kwenye mabaki ya chombo cha seneta aliyeuawa haikaguliwi kwa jicho lile la mwanzo. Kasoro zake zote zitasemwa zimetokana na mripuko. Na Dominion ikikana, kukana kwake kutaonekana ndiyo dalili ya hatia. Kilichobadilika ni mleta habari na hali ya kuipokea.

Sasa geuza upande. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani walijenga Tunguu kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mpango wao wa kupeleka watu angani. Mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia Februari 20, 1962, Zanzibar ilikuwa mojawapo ya vituo alivyozungumza navyo akipita juu. Waliambiwa watu kuwa ni mitambo ya mawasiliano tu. Wengi hawakusadiki, wakaandamana wakiamini ni maandalizi ya makombora. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali ya Karume ikataka kituo kiondoke, na mwaka huohuo kikafungwa. Kazi yake, kwa yanayojulikana, ilikuwa ileile iliyotangazwa. Na wasiosadiki hawakuwa wapumbavu: waliambiwa na mkoloni na dola kubwa, katikati ya vita baridi, kwa lugha ya wataalamu, na hawakuwa na njia ya kukagua. Vreenak alikuwa na njia ya kukagua, akakagua, akajua. Mwenye uwezo wa kuupima ushahidi ndiye aliyeuawa, na waliobaki wakauamini kwa sababu amekufa. Wanaosema kwamba Waromulani walijitakia kwa ujinga wao hawajaitazama sehemu hii vizuri.

Limebaki swali moja ambalo kwa ajabu halibishaniwi sana, nami naliona ndilo zito. Tuseme Sisko alikuwa na dharura ya kweli. Tumkubalie yote. Mafakihi waliweka kanuni nyengine pembeni ya ile ya dharura: kulazimika hakufuti haki ya mwenzako. Mfano wao ni wa mtu anayekaribia kufa kwa njaa akala mkate wa mwengine. Hana dhambi ya kula, lakini bado anadaiwa thamani ya mkate. Kwa kipimo hicho Sisko anaweza kuwa na udhuru na akabaki na deni kwa Waromulani: deni la seneta wao, la vijana wao, na la kuwaambia ukweli vita vikiisha. Tamthilia iliendelea kwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya hapo, Waromulani wakipigana bega kwa bega na watu wake, ikafika mwisho Juni 1999, na hakuna aliyewaambia. Ile rekodi aliyoifuta usiku ule, tuliyozoea kuibishania kama dalili ya majuto au ya ushupavu, ndiyo iliyokuwa hati pekee ya deni hilo, na aliyeichana ni mdaiwa.